Kila Mji wa Reli ya Tanga Uliwahi Kuwa Mwisho wa Safari

Ukipanda basi Tanga kwenda Moshi, reli inakusindikiza karibu njia nzima. Utaiona upande huu, itapotelea kwenye mkonge, itakatiza barabara mahali ambapo dereva hupunguza mwendo kwa mazoea, kisha utaikuta upande wa pili chini ya milima ya Usambara. Wengi wanaoipita hawana habari nayo. Mimi nimezoea kuzihesabu stesheni zake kwa majina: Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyuzi, Korogwe, Mombo, Mkumbara, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Kisangara, Kahe, Moshi. Baadhi ya majina hayo leo ni miji yenye soko, mahakama na hospitali. Mengine ukiyataja mbele ya kijana wa Tanga mjini atakuuliza ni wapi huko.

Reli ni ileile moja na waliojenga ni walewale. Sasa kwa nini Mombo iko hai, taa zinawaka usiku kucha na mabasi yanashusha abiria wale chakula, na Buiko imesinyaa?

Nauliza kwa sababu kuna kazi mbele yetu. Serikali ina mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, na siku moja mtu atakaa na ramani aweke nukta: hapa stesheni, hapa hapana. Nukta za mara ya kwanza ziliwekwa na injini yenye kiu ya maji, na kampuni iliyoishiwa pesa, na wenye mashamba. Hakuna aliyewauliza Wabondei, Wasambaa wala Wapare. Wao walizikuta stesheni zimeshajengwa, wakazifanya zao. Safari hii injini haitatuamulia chochote. Tutaamua wenyewe, na naogopa tutaamua kwa kutazama ncha mbili za mstari tu.

Reli hii ndiyo ya kwanza katika ardhi ambayo leo ni Tanzania Bara. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, mikononi mwa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na ndoto kubwa kuliko mfuko wake. Ilitaka ifike Korogwe, kisha isonge mbele hadi Ziwa Viktoria, kushindana na Waingereza waliokuwa wakipanga reli yao kutoka Mombasa. Mwaka 1896 ikafika Muheza, takribani kilomita 40 tu kutoka baharini, na hapo pesa zikakata. Kwa miaka kadhaa Muheza ikawa ndiyo mwisho wa dunia kwa upande wa reli. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua mikononi mwake, kazi ikaendelea kwa mwendo wa kobe: Korogwe mwaka 1902, kilomita ya 84, Mombo mwaka 1905, kilomita ya 129, Buiko mwaka 1909, Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka Tanga. Kipande cha Moshi hadi Arusha kilimalizwa na Waingereza mwaka 1929.

Soma tena miaka hiyo polepole. Muheza ilikuwa mwisho wa reli. Korogwe ikawa mwisho wa reli. Mombo nayo miaka minne. Buiko miaka miwili hivi. Kila mahali pesa au uamuzi ulipokwama huko Berlin, huku Afrika palizaliwa mji.

Mwisho wa reli ni mahali pa pekee. Hapo mzigo wote unashushwa chini. Anayetoka bara na pembe, ngozi au mahindi anafika hapo, na anayetoka pwani na vitambaa, chumvi, majembe na waya naye anafika hapo. Wanahitajika wapagazi wa kuendelea na mzigo, stoo ya kuuhifadhi, duka la kununua unga, mahali pa kulala, mama wa kupika. Mhindi anafungua duka la bati, msikiti mdogo unajengwa nyuma yake, na kabla ya miaka miwili kuna watoto waliozaliwa pale ambao hawajui kwao pengine. Reli inapoondoka kwenda mbele, wafanyabiashara wengine wanakunja majamvi na kuifuata. Wanaobaki ni wale ambao tayari wana kitu kingine cha kuwashika.

Hicho kitu kingine ndicho kinachotenganisha Mombo na Buiko. Mombo iko chini kabisa ya mlango wa milima. Kutoka hapo inapanda njia ya kwenda Soni na Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal na Wajerumani, ambako walijenga boma na kufungua mashamba kwa sababu ya hewa ya baridi. Kila kitu cha Lushoto, tangu barua hadi kabichi, kilipitia Mombo, na hadi leo bado kinapitia Mombo. Reli ilipohamia mbele, mlima haukuhama. Buiko ilikuwa na uwanda mkavu, bonde la Mkomazi na njia ya kuendelea. Ilikuwa kituo cha kupumzikia tu, na aliyekwishapumzika huondoka zake.

Kwa hiyo mimi nikitaka kujua kama stesheni itaishi, naangalia kwanza kinachoshuka kuja kwake: barabara ya mlimani, njia ya punda, soko la siku moja kwa wiki, mto wenye bustani. Treni inaleta watu mara moja au mbili kwa siku. Njia za pembeni zinawaleta saa zote.

Watu wa bonde hili walijua jambo hilo kabla ya Mjerumani. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Upare na Kilimanjaro iliondoka Pangani, ikafuata bonde. Ufalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, ulikuwa na makao yake Vugha, juu mlimani, lakini Semboja, mmoja wa wakubwa wa ukoo huo, aliteremka akajenga Mazinde, kwenye uwanda, mahali misafara inapopita. Aliona kwamba nguvu imehama kutoka mlimani na kushuka njiani, akaifuata. Reli ilipofika miaka mingi baadaye, ilipita Mazinde hapohapo. Pangani lakini haikupata kitu. Mji uliokuwa lango la misafara ukaachwa upande wa kusini, bandari ikawa Tanga, na mpaka leo Pangani ni mji mzuri sana uliokaa kimya. Anayetaka kujua stesheni ina thamani gani asianze na miji yenye stesheni. Aanze na Pangani.

Sasa turudi kwenye injini. Garimoshi la makaa au kuni lilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Halikuweza kwenda mbali bila tenki, kwa hiyo palipopatikana kijito au kisima cha kuaminika pakawekwa stesheni. Sababu ya pili ni kwamba njia ilikuwa moja tu. Treni mbili zinazokuja uso kwa uso lazima zipishane mahali, na mahali hapo panahitaji njia ya pembeni, mtu wa kubadili reli na bwana mkubwa wa kuamua nani asubiri. Dereva hakuruhusiwa kuondoka mpaka apewe mkononi idhini ya kipande cha njia kilicho mbele yake. Ukichanganya kiu ya injini na hitaji la kupishana unapata kituo kila baada ya kilomita chache, hata pasipokuwa na mtu.

Hii ndiyo sababu stesheni ndogo zote zinafanana kama ndugu wa mama mmoja. Jengo la mawe lenye paa pana la kivuli. Dirisha dogo la tiketi lililochongwa chini kiasi kwamba mtu mzima lazima ainame. Mizani ya chuma sakafuni. Tenki juu ya nguzo. Nyuma kidogo kota za wafanyakazi, nyumba zilizoshikana mgongo, kila moja na jiko lake la nje. Na kengele, ambayo mara nyingi si kengele bali kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya, kikigongwa kwa nondo. Sauti yake ni kavu na inasafiri mbali. Mtu aliyeko shambani anaisikia, anajua treni imeshaondoka kituo cha nyuma, na ana muda wa kumaliza tuta moja, kunawa na kuchukua kapu lake.

Nakaa hapa kwenye hiyo kengele kwa makusudi. Vijiji vingi vya bonde hili vilipata saa yao ya kwanza kutoka stesheni. Vilipata simu ya kwanza hapo pia, ile ya nyaya iliyoendeshwa na stesheni masta, na taarifa za misiba zilifikia hapo kabla ya kupelekwa mlimani kwa miguu. Stesheni masta alikuwa mtu wa serikali aliye karibu kuliko wote. Hakuwa na askari wala korokoro, alikuwa na daftari, muhuri na kofia, na watu walimheshimu kwa sababu alijua kitu ambacho wote walikihitaji: nani anakuja, lini, na amebeba nini. Mara nyingi alikuwa mgeni wa mahali, anayeongea Kiswahili na kila mtu kwa vile hakuwa na lugha nyingine ya kuongea nao. Mkondo mmoja wa Kiswahili cha bara ulipitia kwenye dirisha lile dogo la tiketi.

Baada ya injini, mwenye sauti alikuwa mkonge. Mwaka uleule wa 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliingiza miche ya mkonge iliyoagizwa kutoka Florida. Katika miche 1,000 ilifika hai 62 tu. Kahawa iliyojaribiwa Usambara Mashariki haikutoa walichotarajia, na mpira uliopandwa kwa wingi Muheza ulianguka bei kabla ya vita vya 1914. Mkonge ukabaki, kwa sababu unapenda joto na unavumilia ukame. Lakini una tabia moja inayoufunga kwenye reli: jani ni zito mno na singa iliyomo ndani yake ni kidogo. Lazima likatwe na kusindikwa palepale, na marobota yanayotoka ni ya kupakiwa kwenye behewa, kichwa cha mtu hakiyawezi. Ndiyo maana mashamba yalijipanga kando ya reli moja baada ya jingine, kuanzia Pongwe na Ngomeni hadi Mazinde, Mkumbara na Makanya, na mengi yakatandaza vijireli vyao vya ndani kutoka shambani hadi kiwandani.

Waliokata mkonge huo wengi hawakuwa wenyeji. Walikuwa manamba, watu waliosajiliwa kwa namba, wakitoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi na kwingineko. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la pamoja la kuwasajili na kuwasafirisha, ambalo watu waliliita Silabu. Mkataba ulipokwisha, wengine walirudi makwao na kisanduku cha bati na baiskeli. Wengine walibaki. Tembea leo Ngomeni au Korogwe usikilize majina ya koo, utasikia Kiha, Kingoni, Kibena na Kinyakyusa kwenye nyumba ambazo watoto wake hawajawahi kuona kwa babu yao. Wazee hao kituo walichoshukia wanakikumbuka vizuri kuliko tarehe waliyozaliwa.

Na kulikuwa na mambo ya ajabu. Mkumbara, ambayo leo abiria wa basi huipita bila kugeuza shingo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na njia ya waya wa chuma ikipanda ukuta wa mlima hadi Shume, ikiteremsha magogo ya mierezi kutoka msitu wa juu. Gogo lililokatwa kwenye ukungu na baridi lilining'inia hewani, likashuka kwenye joto la uwandani na kupakiwa kwenye behewa hadi Tanga. Watu walihamia Mkumbara kwa ajili hiyo. Mbao za thamani zilipopungua na vita kuingia, kazi ikaisha, na stesheni ikabaki na mkonge peke yake. Mtu akiniambia kituo fulani kitainuka kwa mgodi mmoja au kiwanda kimoja, nakumbuka Mkumbara.

Vita yenyewe ilionyesha upande mwingine wa njia hii. Waingereza waliposhusha jeshi lao Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alileta askari wake kutoka Moshi kwa treni, usiku na mchana, wakafika kwa wakati na kuwarudisha wavamizi baharini. Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja na kung'oa njia, Waingereza wakifuata wakitengeneza. Kutoka Mombo kuelekea Handeni kulikuwa na kijireli chepesi, vitoroli vikisukumwa na watu kwa mikono yao. Huko kaskazini, Waingereza walijenga haraka njia ya kijeshi kutoka Voi, upande wa Kenya, kupitia Taveta mpaka ikaungana na yetu karibu na Kahe. Vituo vilivyowekwa kwa ajili ya mkonge na maji vikawa hospitali za muda, maghala ya risasi na makaburi.

Kahe nayo ni somo. Ilikuwa makutano ya njia tatu: Tanga, Moshi na Voi. Kwa ramani, ungesema hapo utakuwa mji mkubwa kuliko Moshi. Haukuwa. Makutano ya reli humnufaisha abiria kwa muda ule tu anaosubiri treni ya pili, na asipokuwa na sababu ya kutoka nje ya stesheni, anakunywa chai na kuondoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, mkono wa Voi ulikatika. Shirika la reli la pamoja likagawanywa, Tanzania ikaunda lake, na Kahe ikabaki makutano ya njia ambayo haikutani tena na kitu.

Mfano mwingine unaonisumbua zaidi uko karibu na Korogwe. Mwaka 1963 ilikamilika njia ya kuunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, kutoka Ruvu hadi Mruazi, karibu na Mnyuzi. Kwa mara ya kwanza behewa likaweza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi bila mzigo kushushwa. Lilikuwa jambo kubwa la nchi iliyotoka kupata uhuru. Sasa muulize msafiri yeyote: Mruazi ni wapi? Halafu muulize: Segera ni wapi? Segera kila mtu anaijua. Ndipo barabara ya Tanga inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Moshi. Usiku wa manane kuna mishikaki, mayai ya kuchemsha, machungwa kwenye mifuko ya wavu, watu wanaitana kwa sauti. Makutano ya reli na makutano ya barabara, mwendo mfupi kati yao, vizazi viwili vya sera. Kimoja kilipewa lami, magari na ruhusa ya mtu yeyote kufungua kibanda. Kingine kilipewa swichi ya kubadilisha njia na bango lenye jina.

Njia hiyo ya Ruvu, kwa maoni yangu, iliinufaisha nchi na kuijeruhi Tanga kwa wakati mmoja. Kabla yake, mzigo wa Moshi ulikuwa na bandari moja tu ya Kitanganyika ya kuutegemea kwa reli. Baada yake ukawa na Dar es Salaam. Sisemi isingejengwa. Nasema kwamba aliyeijenga alihesabu tani za mzigo, hakuhesabu stesheni ambazo mzigo huo ungeacha kupitia.

Mapigo mengine yalifuatana. Dizeli ilichukua nafasi ya garimoshi, na tenki la maji likabaki kuwa makao ya ndege. Mkonge, uliofikia takribani tani 230,000 kwa nchi nzima mwaka 1964, ulianza kushuka bei kamba za plastiki zilipoingia sokoni. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya 1967, na uendeshaji wake ukawa mgumu mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000. Barabara ya lami ilikuwa inapita jirani, basi linakuchukua mlangoni kwako, treni inakungoja uende kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 treni ya abiria ikaacha kwenda.

Nakumbuka kusimama kwenye stesheni moja ya bonde hili miaka hiyo ya ukimya. Majani yalikuwa yamefunika mataruma ya chuma, yale yaliyoletwa kwa sababu ya mchwa. Kwenye ubavu wa reli, nilipofuta vumbi kwa kidole, ilionekana chapa ya kiwanda na mwaka, herufi zikiwa kali kama zilizopigwa juzi. Kwenye ofisi kulikuwa na familia inaishi. Wali ulikuwa jikoni, harufu ya nazi ikitoka kwenye lile dirisha dogo la tiketi. Uwanjani nyuma watoto walicheza mpira, na magoli yao yalikuwa vipande vya reli vilivyochimbiwa ardhini. Mzee aliyenikuta pale hakuniuliza natafuta nini. Alisema tu, "Haiji leo, mwanangu," kama vile ingeweza kuja kesho.

Ilikuja. Mwaka 2019 treni ya mizigo ilirudi Moshi, na Desemba mwaka huo ikafuata ya abiria kutoka Dar es Salaam, baada ya kama robo karne. Oktoba 2020 ilifika Arusha. Nilifurahi kama wengine, na furaha hiyo siifuti. Picha zilizosambaa zilikuwa za Dar es Salaam na Moshi: mabehewa yaliyopakwa rangi, viongozi jukwaani, bendera. Mimi nilitafuta picha za katikati ya njia. Nilitaka kuona nani amesimama Mkomazi na Hedaru na amebeba nini kichwani, kwa sababu pale ndipo tungejua kama reli imerudi au imepita tu.

Hapa ndipo penye hoja yangu kuhusu njia mpya. Treni ya umeme au ya dizeli ya kisasa haina kiu. Mitambo ya ishara inaweza kuzipishanisha treni bila mtu mwenye bendera. Sababu zote mbili zilizozaa stesheni za kilomita chache chache zimekufa. Mhandisi anayetazama kasi atakuambia ukweli: kila kusimama kunakula dakika, kunakula umeme, kunahitaji jengo, walinzi, maji na choo. Kwa hesabu hiyo, kati ya Tanga na Moshi zinatosha stesheni tatu au nne. Sibishani na hesabu yake. Nabishana na wazo kwamba hesabu hiyo imekamilika.

Majirani zetu wametangulia, tuwaangalie. Treni mpya ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa Mei 31, 2017. Mtito Andei, Kibwezi na Emali zilipata stesheni mpya. Makindu, yenye hekalu la Masingasinga lililoanzishwa na wafanyakazi wa reli, haikupata. Sultan Hamud haikupata pia, mji uliopewa jina la Sultan Hamoud wa Zanzibar aliyekwenda kutazama ujenzi mwaka 1898. Miji hiyo haijafa, barabara kuu ya Mombasa inapita hapo na malori yanawalisha. Lakini sababu iliyowazaa imeondolewa kwa kalamu, na sijui kama yeyote aliwahi kukaa nao kuwaeleza.

Kwetu, njia mpya ya kati ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ilikuwa na stesheni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Huo ni uamuzi mzuri na nausifu. Soga ingeweza kurukwa kirahisi. Ila jengo zuri lisilo na barabara ya kulifikia na treni inayosimama kwa saa inayomfaa mkulima ni Kahe nyingine, imepakwa rangi tu.

Kwa hiyo, kwa reli ya Tanga hadi Musoma, ningependa wapangaji waanze na njia za pembeni kabla ya kufika kwenye reli. Washuke Soni siku ya soko wahesabu matenga ya plamu, peasi na kabichi yanayoteremka Mombo, wajue yanafika saa ngapi na yanaoza saa ngapi. Waende Muheza msimu wa machungwa, wakati malori yanapanga foleni na machungwa yanamwagwa chini kwa kukosa la kuyabeba. Waende Makanya waone jasi inavyopakiwa. Wapande Pare juu, waulize mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa Moshi anashukia wapi na anasubiri basi kwa muda gani. Hapo ndipo nukta za ramani zinapotakiwa kutoka. Kituo kimoja kinachosimamisha treni ya polepole mara mbili kwa siku, chenye kivuli, mizani na chumba cha baridi cha mboga, hakiizuii treni ya haraka kupita. Njia ya pembeni ya kupishana ilivumbuliwa kwa kazi hiyohiyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Na wasijenge mbali na mji. Hili nalisema kwa uchungu. Ni rahisi kupata ardhi porini, fidia ni ndogo, mchoro unanyooka. Halafu mama mwenye kapu la mayai analazimika kulipa bodaboda nauli inayokaribia ile ya treni yenyewe, na mwishoni anabaki na basi lake. Wajerumani walijenga stesheni ya Mombo mahali ambapo mlima unamalizikia, mtu akishuka na mzigo kichwani hana haja ya kuuliza. Mteremko wenyewe unampeleka mpaka jukwaani.